Kushirikisha mkulima kwenye hifadhi ya lindimaji ndo nini hasa?

Lindimaji ni neno la maofisini lakini kitu chenyewe mtu wa Pemba anakijua tangu mdogo: ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake yanateremkia bonde moja, yaanze kule juu kwenye mikarafuu, yapite kwenye muhogo wa mtu mpaka chini kwenye mpunga.

Sasa Pemba yetu vilima na mabonde tu, na baada ya Mapinduzi watu waligaiwa eka tatu tatu, bas mteremko mmoja unakuta una watu chungu nzima kila mtu na konde lake. Wa juu akipiga matuta ya kuteremka, masika yakiingia mchanga wote unakwenda kulala juu ya mpunga wa mwenziwe. Na muhogo ndo balaa zaidi, maana ukiung'oa unatifua udongo wote.

Kushirikisha wengi wanadhani ni kuitwa skuli, usaini karatasi, upewe soda, uoneshwe ramani ishachorwa. Hiyo ni kutangaziwa. Niliwahi kufuatana na mradi mmoja (siutaji), wametandika ramani yao, bibi mmoja akaokota kijiti akachora chini, "maji hayapiti huko wanangu, yanapita nyuma ya ule mdoriani, na yakizidi yanavunja hapa." Hapo yanapovunja kwenye ramani hapakuwepo kabisa.

Kwa hiyo kushirikisha ni wa juu na wa chini wapande kilima pamoja kabla mpango haujaandikwa. Kupima usawa wa makinga maji, yaani matuta ya kukata mteremko ili maji yasishuke kwa kasi, wala si kazi ya injinia, miti mitatu ifungwe kama herufi A, uzi na jiwe, bas. Kazi ipo kwenye kukubaliana, kwa sababu kinga linakula ardhi ya wa juu na mpunga unaopona si wake, ndo maana watu wanapanda nanasi au mchaichai juu ya kinga ili na yeye apate chake. Halafu mpunga wengi wanaolima ni wanawake, mkutano ukijaa wanaume tu bonde halina msemaji.

Na kuna hili la miti. Wengi wanalima konde la mtu, kaazimwa tu, mwenye shamba anamruhusu viazi na muhogo lakini mti hapana, mti kwetu ni kama hati, leo umepanda kesho unadai pako. Afisa anakwenda kuandika wakulima wamegoma kupanda miti, kumbe wamekatazwa.