Kazi ya marudio katika ujenzi: maana yake na inakoanzia

Kazi ya marudio ni kazi inayofanywa upya kwa sababu haikufanywa ipasavyo mara ya kwanza, au ilifanywa vizuri kabisa lakini kwa kufuata maelekezo yenye kosa. Ukarabati wa jengo lililochakaa haumo katika maana hiyo, wala nyongeza aliyoiomba mwenye nyumba, isipokuwa nyongeza hiyo inapolazimu kubomolewa kwa kilichokwisha kujengwa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa inayojengwa Njiro, Arusha. Ramani ya msanifu inaonyesha bafu juu ya sebule. Ramani ya mhandisi haina tundu la bomba mahali hapo, na fundi bomba anaitwa wiki 3 baada ya zege la slabu, yaani sakafu ya ghorofa, kumwagwa. Tindo inapasua zege, inakutana na nondo, nondo inakatwa, na mhandisi anarudishwa saiti kukagua slabu aliyokwisha kuipitisha. Lawama humwangukia fundi bomba kwa kuwa ndiye aliyeshika tindo, ilhali kosa lilizaliwa siku ramani mbili zilipotolewa bila kulinganishwa.

Hali ya hewa nayo huchangia: mtaro wa msingi ukiachwa wazi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hujaa maji, na udongo uliolainika chini hauna budi kuchimbwa tena.

Njia ya gharama ndogo zaidi ya kupunguza marudio ni kuzuia zege lisimwagwe mpaka mhandisi, fundi nondo, fundi bomba na fundi umeme wapite pamoja wakiwa na ramani moja, na ramani za zamani ziwe zimeondolewa saiti. Vipande vya sampuli ya zege hupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28 tangu zege limwagwe. Kwa kuwa kufikia siku ya 28 nguzo za juu huenda zimekwisha kusimama, majibu ya siku ya 7 yasiachwe kabatini. Kwa vigae, inatosha kumaliza bafu moja la mfano kabla ya kugusa mengine.

Saiti nyingi zina daftari la saruji, lakini ukurasa wa kazi zilizorudiwa ni nadra kuuona. Ukiwepo, uandikwe sababu na siku zilizopotea, si jina la fundi, maana anayeogopa kuandikwa ataziba ufa kwa plasta kabla msimamizi hajafika.