Kuamuru kihariri kilicho wazi: dhana potofu na ukweli

Vijana ninaowafundisha kompyuta hapa Mtwara mjini, wakisikia kwamba kihariri (programu ya kuandikia maandishi) kama Vim au Emacs huweza kuamriwa "kwa mbali" kutoka kwenye teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, wengi hudhani kinachozungumzwa ni intaneti, kwamba mtu aliyeko Lindi ataandika ndani ya faili lililo wazi Mtwara. Sivyo. Umbali unaotajwa ni wa kutoka programu moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile. Kwenye Linux, Emacs na Neovim (kihariri kilichotokana na Vim) husikiliza kupitia soketi, njia ya mawasiliano kati ya programu, inayoonekana kama faili tu na isiyohitaji bando, ilhali Vim kwa miaka mingi imepitisha ujumbe wake kwa X11, mfumo wa madirisha wa Unix.

Kwa sababu hiyo si kweli kwamba kila Vim ina uwezo huu. Andika vim --version, kisha utafute neno clientserver: likitanguliwa na alama ya kutoa, hakuna utakachoongeza kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim, kitakachosaidia, bali utasakinisha Vim iliyoundwa na uwezo huo.

Dhana inayoleta hasara zaidi ni kwamba yanayotumwa kwa --remote-send, chaguo la Vim la kutuma kwa kihariri kilicho wazi, ni amri. Ni vitufe, na kihariri huvipokea kana kwamba vimebonyezwa na aliyeketi mbele yake. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiandaa orodha ya uzito wa magunia ya korosho katika Vim aliyoipa jina MNADA, na kwenye teminali ya pili akatuma hivi (:w ni kuhifadhi, CR ni kitufe cha Enter):

vim --servername MNADA --remote-send ':w<CR>'

Alikuwa ameiacha Vim katika hali ya kuingiza maandishi. Faili halikuhifadhiwa, badala yake, katika mstari wa gunia la kumi na mbili, mbele ya 80, zilijiandika herufi :w na mstari ukakatika. Ndiyo maana nasisitiza kutanguliza <C-\><C-N>, vitufe vinavyoirejesha Vim katika hali ya kawaida. Na anayetaka kuuliza tu atumie --remote-expr 'line(".")', ambayo humrudishia namba ya mstari kilipo kishale bila kugusa maandishi.

Wapo pia wanaolalamika kwamba emacsclient, programu inayoituma kazi kwa Emacs iliyo wazi, "imeganda". Haijaganda, inasubiri umalize faili kwa C-x # (Ctrl na x, kisha #), na usubirifu huo ndio unaoifanya ifae kuandikia maelezo ya Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Usipoutaka, ongeza -n.

Wengine huamini kwamba seva ya Emacs, yaani Emacs iliyowashwa nyuma ya pazia kwa emacs --daemon, kwa kuwa hubaki hai dirisha likifungwa, itatunza kazi hata umeme ukikatika. Seva hiyo huishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, nayo ikizimika, kitakachokuokoa ni faili la akiba ambalo Emacs huliandika yenyewe kila baada ya vibonyezo 300, kama hukubadilisha mpangilio.

Basi aliyeko Lindi afanyeje? Asifungue mlango wa TCP (wa mtandao) wa kihariri kwa dunia nzima, kwa maana chaguo la --eval la emacsclient huendesha msimbo wowote wa Lisp, lugha ya Emacs, pamoja na ule wa kufuta mafaili. Aingie kwa ssh, njia salama ya kuingia kompyuta nyingine kupitia mtandao, katika kompyuta ya Mtwara, kwa akaunti ileile iliyowasha seva, kisha aandike emacsclient -t, inayofungua Emacs ndani ya teminali, akiwa humo.