Je, wajua kwa nini Wacherokee husuka vikapu mbele ya wageni?

Kuna aina ya kikapu cha Wacherokee ambayo hata ukikigeuza vipi mkononi, huoni kilianzia wapi wala kiliishia wapi. Hakina ncha iliyochomoza, hakina mshono, na urembo wa ndani unaweza kuwa tofauti kabisa na wa nje. Ukweli ni kwamba hivyo ni vikapu viwili ndani ya kimoja. Msukaji huanza na kitako cha ndani, akapandisha kuta hadi juu, na pale ambapo angetarajiwa kufunga kazi, hukunja zile tepe za mwanzi ukingoni na kushuka nazo kwa nje. Akifika chini husuka kitako cha pili kinachofunika cha kwanza, na ncha zote huzama humo.

Kikapu hicho kinanisaidia kujibu swali ambalo wengi hujiuliza kuhusu jamii hii ya wenyeji wa asili wa Marekani. Kwa nini mafundi wao hukaa hadharani wakisuka, wakifinyanga na kuchonga huku wageni wamewazunguka? Si ingetosha kuviweka vyombo vilivyokamilika kwenye kabati la kioo, watu wakavitazama?

Haitoshi, kwa sababu chombo kilichokamilika hakisemi kilivyotengenezwa. Wacherokee wanalijua hilo kwa uchungu. Usukaji huo wa tabaka mbili ulikaribia kupotea miongoni mwa Wacherokee waliobaki katika milima ya North Carolina. Wakati huohuo kikapu cha namna hiyo, kilichochukuliwa Carolina na gavana Mwingereza Francis Nicholson miaka ya 1720, kilikuwa kimetulia salama London katika British Museum. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Lottie Queen Stamper, mwalimu wa usukaji katika shule ya Wacherokee huko North Carolina, alipata picha ya kikapu hicho. Kwa kuitazama picha tu alilazimika kukisia kila mkunjo, kujaribu, kufumua na kurudia, mpaka mikono yake ikaelewa. Kisha akawafundisha wanafunzi wake. Makumbusho yalikitunza kikapu kwa miaka mingi, lakini hayakuweza kutunza maarifa ya kukisuka. Hayo yanahitaji mtu anayesuka na mwingine anayetazama.

Hatari hiyo haikuja yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1830 ilifungua mlango wa kuwafukuza wenyeji kutoka kusini-mashariki mwa nchi, na mwaka 1838 na 1839 maelfu ya Wacherokee waliswagwa na wanajeshi hadi eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Inakadiriwa kwamba kiasi cha watu 4,000 walikufa katika safari hiyo, inayoitwa Njia ya Machozi. Walionusurika walifika mahali ambapo mimea waliyoizoea ilikuwa adimu. Wasukaji wakageukia vijiti na mitambaazi ya mimea waliyoikuta huko, wakaendelea kusuka vikapu vyenye kuta mbili, ila safari hii vya mviringo. Kwangu mimi, hakuna ushahidi mzito kuliko huo: mwanzi ulibaki nyuma, ujuzi ukasafiri.

Si kila ujuzi ulikuwa na bahati hiyo. Ufinyanzi wa kale ulikuwa umefifia kabisa huko magharibi hadi Anna Mitchell alipoanza kuufufua mwishoni mwa miaka ya 1960, akijifunza kwa kuchunguza vyungu vya mababu. Tangu mwaka 1988 serikali ya Cherokee Nation, yaani taifa la Wacherokee wa Oklahoma, huwapa mafundi wa namna yake hadhi ya Hazina ya Taifa, na miongoni mwa yanayotazamwa ni kama fundi anawarithisha wengine.

Kuna sababu nyingine, nayo inawahusu wageni wenyewe. Hifadhi ya Great Smoky Mountains ilipoanzishwa mwaka 1934, watalii walimiminika katika mji wa Cherokee huko North Carolina wakiwa na picha moja kichwani: shujaa wa kwenye sinema, mwenye taji refu la manyoya, anayeishi katika hema. Mavazi na makao hayo ni ya watu wa nyanda za mbali. Wacherokee walikuwa wakulima wa mahindi, maharage na maboga, wakiishi katika nyumba za miti na udongo. Hata hivyo, baadhi yao walivaa mataji hayo kando ya barabara na kupigwa picha ili wapate riziki, na sioni sababu ya kuwalaumu. Mwaka 1952 kikafunguliwa kijiji cha Oconaluftee, kilichojengwa kwa mfano wa kijiji cha Wacherokee cha miaka ya 1760. Hapo mgeni huona mtumbwi ukichimbwa kwa moto, gogo likiunguzwa kidogo kidogo na kukwanguliwa. Huona mishipi ikisukwa kwa vidole vitupu bila kitanda cha mfumi, na bomba la mwanzi likipuliza mshale mdogo uliofungwa sufi ya mbaruti. Na anaweza kuuliza. Anayemjibu ni Mcherokee aliye hai, anayeongea kuhusu watu wake wa leo, na hapo ile picha ya sinema huanza kubomoka.

Kazi ya hadharani hukata mzizi wa udanganyifu pia. Biashara ya vitu bandia ilienea mno kiasi kwamba sheria ya mwaka 1990 iliongeza adhabu za kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji wa asili wakati si kweli. Mnunuzi aliyeona chungu kikipanda mkunjo kwa mkunjo, bila gurudumu, hahitaji cheti. Amanda Swimmer, mfinyanzi aliyefariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 97, alifanya hivyo mbele ya wageni wa Oconaluftee kwa zaidi ya miaka 30.

Kuhusu mwanzi wenyewe, mgeni akikaa vya kutosha atajua ni kazi ya siku nyingi kabla hata ya kusuka. Hukatwa mtoni, hupasuliwa vipande vinne, ganda la nje hubanduliwa na kukwanguliwa hadi liwe laini. Baadhi ya tepe huchemshwa na mizizi ya mmea wa utomvu mwekundu zipate rangi ya machungwa, na nyingine na jozi jeusi zipate kahawia iliyokoza. Vichaka vya mwanzi huo vilifunika mabonde ya mito ya kusini-mashariki, lakini mashamba na mifugo viliviangamiza, na inakadiriwa kwamba havizidi asilimia 2 ya vilivyokuwapo. Tangu mwaka 2004 mradi maalumu huko North Carolina unawasaidia mafundi kutafuta, kupanda na kulinda mimea ya kazi zao. Wakati mwingine msukaji husafiri mbali na ardhi ya watu wake, akaingia kwenye tope la kingo za mto usio wake, akachagua mwanzi mmoja mmoja uliokomaa, kisha akabeba mzigo huo nyumbani kuanza kupasua.