Kitisho Kikisikika Shuleni: Nani Aambiwe, na Nini Kifuate

Mnamo Oktoba 2017, watu wenye bunduki waliivamia usiku shule ya upili ya Lokichogio, Kaunti ya Turkana, wakawaua wanafunzi na mlinzi. Taarifa za polisi za wakati ule zilimtaja mwanafunzi aliyekuwa amesimamishwa masomo baada ya ugomvi kuwa ndiye aliyewaongoza. Kisa hicho hakitajwi mara nyingi tunapojadili usalama wa shule zetu huku Kisumu, Kakamega na Nakuru. Tukisikia bunduki na shule zikitajwa pamoja, fikira hukimbilia Marekani, au Chuo Kikuu cha Garissa ambako magaidi waliwaua watu 148 tarehe 2 Aprili 2015. Hata hivyo, Garissa na Lokichogio ni mambo mawili tofauti. Kumzuia gaidi ni kazi ya vyombo vya usalama vya taifa zaidi kuliko ya mwalimu wa zamu, ilhali yule wa Lokichogio, kwa mujibu wa taarifa hizo, alikuwa na jina katika rejista ya darasa, ugomvi wake ulijulikana na adhabu yake ilitolewa na shule yenyewe. Makala haya yanamhusu mtu wa aina hii ya pili, yule ambaye shule inamfahamu.

Uchunguzi mkubwa zaidi kuhusu watu wa aina hiyo umefanywa Marekani, kwa sababu ya kusikitisha kwamba huko ndiko visa vilikokuwa vingi. Mwaka wa 2002, idara ya huko inayomlinda rais, Secret Service, ikishirikiana na Wizara ya Elimu, ilitoa matokeo ya uchambuzi wa mashambulizi 37 yaliyotokea shuleni kati ya 1974 na 2000. Katika visa vinane hivi kati ya kila kumi, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kwamba mshambuliaji alikuwa na wazo au mpango, na karibu kila mara mtu huyo alikuwa kijana mwenzake. Wengi wa washambuliaji walikuwa wameonewa au kudhulumiwa kabla ya tukio. Watafiti hao hawakupata sura moja ya mshambuliaji ambayo mwalimu angeweza kuitambua kwa macho: walikuwamo wenye alama nzuri na wenye alama mbaya, wapweke na wenye marafiki tele. Mwaka wa 2021 idara hiyohiyo ilichambua njama 67 zilizozimwa kabla ya kutekelezwa, ikaona kwamba nyingi zilifichuka kwa sababu wanafunzi walisikia au kusoma jambo, kisha wakalisema.

Kwetu silaha imekuwa petroli na kiberiti mara nyingi zaidi kuliko bunduki. Moto wa Kyanguli, Machakos, Machi 2001, uliwaua wavulana 67. Moto wa Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017, uliishia kwa mwanafunzi wa shule hiyo kuhukumiwa. Silaha ni tofauti, lakini kwa maoni yangu njia inayofikisha mtu hapo ni ileile: kuna uchungu uliolimbikizwa, kuna maneno yaliyosemwa bwenini baada ya taa kuzimwa, na kuna waliosikia wakajigeuza upande wa pili wakalala.

Kwa hiyo swali la kwanza katika mpango wa usalama wa shule si urefu wa ua wala idadi ya walinzi. Ni njia gani habari ya namna hiyo itapitia kutoka kitanda cha juu bwenini hadi kwa mtu mzima atakayechukua hatua. Katika shule nyingi njia yenyewe ni sanduku la maoni lililotundikwa ukutani nje ya ofisi ya naibu wa mkuu wa shule, kufuli lake limeshika kutu, na ufunguo anao naibu mwenyewe. Mwanafunzi anayetaka kuandika kwamba kuna mtungi wa petroli umefichwa nyuma ya jikoni hulazimika kupita mbele ya ofisi hiyo mchana, viranja wakimtazama, naye anajua kwamba kesho yake madaftari ya kidato kizima yanaweza kukusanywa ili mwandiko ulinganishwe. Sanduku hilo likikutwa tupu mwisho wa muhula, utupu wake hauthibitishi kwamba shule ina amani.

Njia inayofaa ni watu kabla ya sanduku. Kila mwanafunzi awe na watu wazima wawili au watatu anaoweza kuwaendea, na wasiwe walimu peke yao, kwa maana matroni, mpishi na mlinzi wa usiku husikia mengi ambayo hayafiki katika chumba cha walimu. Watu hao nao waambiwe waziwazi ni nani wa kupigiwa simu saa hiyohiyo, hata ikiwa ni saa nane usiku. Mtoto aliyetoa habari asitajwe gwarideni kwa shukrani wala kwa lawama, kwa sababu akitajwa mara moja tu ataitwa mchongezi hadi amalize kidato cha nne, na wengine watajifunza kunyamaza. Kwa anayeogopa kabisa kumwendea mtu wa shuleni, nambari 116 ya simu ya watoto haina malipo, na ibandikwe mahali inapoweza kusomwa bila kuonekana, kama vile ndani ya mlango wa choo. Ukaguzi wa masanduku ya bati siku ya kufungua shule una faida yake, sikatai, ila hunasa simu na mikate zaidi ya kitu kingine chochote.

Habari ikishafika, kazi ngumu ndiyo inaanza. Kisa cha shule ya upili ya Oxford, jimbo la Michigan huko Marekani, kinastahili kusomwa polepole na kila naibu. Asubuhi ya tarehe 30 Novemba 2021, mwalimu aliona kwenye karatasi ya hesabu ya mvulana wa miaka 15 mchoro wa bastola na wa mtu anayevuja damu, pamoja na maneno ya kuomba msaada. Mwalimu aliripoti, mvulana akaitwa kwa mshauri, na wazazi wakaitwa wakafika. Wazazi hawakumchukua nyumbani, wala hawakusema kwamba siku chache zilizotangulia baba alikuwa amenunua bastola. Mvulana akaruhusiwa kurudi darasani akiwa na mkoba wake, ambao haukuwa umepekuliwa, na bastola ilikuwa humo. Mchana huo aliwaua wanafunzi wanne. Mwaka wa 2024 baba na mama walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Onyo lilionekana na likaripotiwa, ila uamuzi wa mwisho ulifanywa kwa haraka, ofisini, bila utaratibu uliokuwa umekubaliwa mapema kuhusu nini kipekuliwe na nini kiulizwe.

Utaratibu kama huo upo. Chuo Kikuu cha Virginia kilianza kuuandaa mwaka wa 2001, na jimbo hilo likaufanya kuwa sharti la kisheria kwa shule zake za umma mwaka wa 2013. Msingi wake ni kikundi kidogo cha kudumu. Kwetu angeweza kuwamo naibu, mwalimu wa ushauri nasaha, mwalimu wa darasa, muuguzi au matroni, na mjumbe mmoja wa bodi ya usimamizi aliye na nambari ya mkuu wa kituo cha polisi. Kikundi hicho hutenganisha kitisho cha hasira na kitisho chenye mpango. Mvulana wa kidato cha pili anayepaza sauti baada ya kushindwa mpira kwamba atawaua wote, kisha akatulia na kuomba radhi, hahitaji polisi. Anayemtaja mtu fulani, siku fulani na chombo fulani, na ambaye tayari amejaribu kukipata chombo hicho, anahitaji hatua siku hiyohiyo: mali yake ipekuliwe mbele ya mashahidi, mlengwa alindwe, na mzazi aulizwe bila kuzungushwa kama nyumbani au kwa jamaa kuna silaha na iko wapi kwa sasa.

Swali hilo la silaha huwaudhi wazazi, lakini ni la lazima. Uchunguzi mwingine wa Secret Service, uliotolewa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya washambuliaji waliotumia bunduki waliitoa nyumbani kwa mzazi au jamaa wa karibu. Nyumba za Wakenya wengi hazina bunduki, lakini Nakuru inapakana na Baringo, ambako askari wa akiba huishi na silaha vijijini na ambako bunduki haramu zimefunga shule mara kadhaa. Wapo pia watoto wa maafisa wa polisi na wa raia wenye leseni. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye leseni aihifadhi silaha yake mahali salama, na juu ya kabati si mahali salama.

Kuhusu kusimamisha masomo, adhabu hiyo humwondoa mwanafunzi machoni pa shule wakati uleule ambapo uchungu wake ni mkubwa zaidi. Ikiwa ni lazima atumwe nyumbani, asipandishwe matatu peke yake na barua mfukoni. Akabidhiwe kwa mzazi, mwalimu wa ushauri ampigie simu kila baada ya siku chache, na siku ya kurudi aketi na yule aliyegombana naye wasuluhishwe mbele ya watu wanaowaheshimu.

Milango nayo ina somo lake, na hapa kunakili Marekani ni hatari. Huko wanafunzi hufundishwa kujifungia darasani mshambuliaji akiingia. Kwetu mlango uliofungwa na dirisha lenye vyuma ndivyo vilivyowanasa wavulana wa Kyanguli. Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni wa Wizara ya Elimu, wa mwaka wa 2008, unataka mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 au zaidi, ufunguke kuelekea nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo. Madirisha yasiwe na vyuma. Na kati ya vitanda kuwe na mita 1.2. Shule inayotaka milango ya kujikinga ichague komeo la ndani linalofunguka kwa mkono bila ufunguo, badala ya kufuli.

Mazoezi ya dharura yafanyike, lakini yatangazwe mapema. Zoezi la kuigiza shambulio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Strathmore tarehe 30 Novemba 2015, kwa milio ya risasi, liliwatia watu hofu wakaruka kutoka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Tarehe 3 Februari 2020, katika Shule ya Msingi ya Kakamega, watoto 14 walikufa kwa kukanyagana kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani, bila silaha wala moto. Zoezi la muhula wa kwanza katika jengo la ghorofa liwe basi la kushuka ngazi tu: darasa moja baada ya jingine, mwalimu mmoja akisimama kwenye kila kona, na mwingine uwanjani akiita majina kutoka kwenye rejista ya siku hiyo.