Kushona kwa kitambaa kilichovaliwa: yasemwayo na yalivyo

"Nguo ikishavaliwa, nguvu imeisha." Hili nalisikia kila mteja anaponikuta nikifumua jinzi ya mtumba kutoka Gikomba, soko la mitumba Nairobi. Lakini nguo haichakai sawasawa. Jinzi huisha mapajani na magotini, ilhali kwenye shavu la mguu kitambaa bado ni kizima. Kiinue kwenye mwanga: panapoangaza kuliko kwingine, usikate hapo. Isitoshe, pamba iliyofuliwa mara nyingi imeshamaliza kurudi. Kitenge kipya sharti ukiloweke kwanza. Ukiviunga viwili hivyo bila kuloweka, siku ya kwanza ya kufua kipya kitapungua, na mshono utajikunjakunja.

Wengine hudhani nguo ya kubadilika kadiri mwili unavyobadilika ni yenye lastiki. Lastiki ndiyo inayokufa kwanza! Mama zetu walishalimaliza hili kwa sketi za shule: pindo nene, na mtoto akirefuka linafumuliwa kidogo. Huo ni ubunifu, hata kama hakuna aliyeuita hivyo. Mimi huacha sentimita 3 za mshono ubavuni badala ya moja, na kiunoni naweka kamba ya kufunga au safu mbili za vifungo. Tatizo ni alama ya pindo la zamani. Pasi haiiondoi, kwa sababu kitambaa kimepauka pande zote isipokuwa mle ndani. Ifunike kwa utepe, uifanye pambo.

"Kitambaa ni cha bure, basi bei iwe ya bure." Hapana. Kuna kufumua, kufua, kupiga pasi, kisha kupanga vipande. Shati la mwanamume lina kipande kimoja tu kikubwa, cha mgongoni, kwa hiyo mchoro unafuata kitambaa. Hiyo kazi hailipwi kwa asante.

Na si kila mtumba unafaa kila kitu. Ili ujue ni kitambaa gani, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta, yaani uzi wa plastiki, huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Rangi ya pamba haishiki poliesta. Ndiyo maana shati la pamba ukilitia rangi nyeusi, mara nyingi mishono hubaki myeupe, maana uzi wake ni poliesta. Wateja wengine hulalamika. Mimi naipenda mistari ile.