Je, wajua kwa nini nyuzi za kaboni haziwezi kitu bila epoksi?

Kwenye gereji za Nairobi husemwa kwamba kaboni ni ngumu kuliko chuma, basi, na kwamba epoksi, ule utomvu wa kiwandani unaomiminwa kwenye nyuzi ukaganda na kuwa mgumu, ni gundi tu. Lakini shika kitambaa cha kaboni kabla hakijapakwa kitu: kinalegea mkononi kama leso. Unaweza kukikunja ukatia mfukoni.

Uzi mmoja una unene wa maikromita 7 hivi, kama sehemu ya kumi ya unywele. Ukiuvuta kwa urefu, unakishinda chuma cha kawaida mara kadhaa. Ukiusukuma, unapinda papo hapo. Ni kama kamba ya katani: huvuta gunia la viazi, lakini huwezi kuisimamisha ukaiegemea. Epoksi ndiyo inayoubana kila uzi ubavuni usipinde, na uzi mmoja ukikatika, ndiyo inayompa jirani mzigo wake.

Kuna kasoro moja kubwa. Bapa ambalo nyuzi zake zote zimelala upande mmoja hustahimili megapaskali (kipimo cha nguvu kwa kila eneo) 1,500 hivi likivutwa kwa urefu wa nyuzi. Livute kwa mapana, litaachia kwenye 50 hivi, kwa kuwa sasa mzigo wote umeangukia epoksi. Aliyewahi kupasua kuni anaijua hali hii: shoka likifuata nyuzi za mti, gogo hufunguka kwa pigo moja. Kwa hiyo matabaka hupishanishwa: digrii 0 na 90 kwa mvuto, 45 za pande zote mbili kwa msokoto. Uzito hubaki takriban moja ya tano ya chuma chenye ujazo uleule, na ndiyo sababu timu ya McLaren iliunda chesisi ya gari la mbio za Formula 1 kwa kaboni mwaka 1981.

Boneti ya chuma ikiangukiwa na spana hubonyea, ukaona. Ya kaboni yaweza kubaki laini juu huku matabaka yameachana ndani. Igonge taratibu kwa sarafu ya shilingi 20: penye uzima hulia kwa ukali, palipoachana hutoa mlio mzito, uliokufa. Kipimo hiki hakitoshi kwa bapa nene, wala kwa sehemu inayobeba gari. Hizo zinahitaji kupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio (ultrasound).

Ukiziba palipoharibika, usijaze shimo kwa epoksi tupu. Piga msasa kwa mteremko, angalau milimita 20 za upana kwa kila milimita 1 ya kina, kisha laza kila kiraka kwa mwelekeo wa tabaka kinalolirithi.