"Tranche" si awamu kila mahali

Katika kazi yangu ya kutafsiri nyaraka za mikopo, neno linalonisimamisha mara nyingi kuliko yote ni tranche, ambalo magazeti yetu yamezoea kuliita "awamu". Kwa Wafaransa hili ni neno la jikoni: tranche ni slesi ya mkate au ya nyama, kutokana na kitenzi trancher, yaani kukata. Waingereza walikwisha kulichukua kale kwa umbo la trench, handaki, ambalo nalo ni ardhi iliyokatwa, kabla ya kuliazima tena kwa ajili ya fedha.

"Awamu" inafaa pale mkopo unapokatwa kwa muda, kama serikali inapopewa fedha na Shirika la Fedha la Kimataifa kidogo kidogo, kila kipande kikisubiri tathmini. Hata hivyo, katika shirika hilohilo ipo tranche isiyo awamu hata kidogo: ni ile asilimia 25 ya mchango wa uanachama ambayo nchi huilipa kwa fedha za kigeni zinazokubalika, zamani kwa dhahabu, na ambayo huweza kuichukua inapobanwa bila kuwekewa masharti ya kisera. Hilo mimi huliita fungu.

Tafsiri ya mazoea huleta madhara hasa kwenye dhamana, yaani hati za uwekezaji, zinazoundwa kwa mikopo ya nyumba iliyokusanywa pamoja, kwa maana hapo kinachogawanywa zaidi ni hasara. Tuseme mikopo ya shilingi bilioni 100 imekatwa vipande vitatu: cha juu bilioni 80, cha kati 15 na cha chini 5. Ikipotea bilioni 7, cha chini kinateketea chote, cha kati kinapungua bilioni 2, na cha juu hakiguswi. Mwekezaji anayeambiwa kwamba amenunua "awamu ya tatu" ataamini kuwa zamu yake ya kulipwa itafika, ilhali alichonunua, kwa kuvutiwa na faida kubwa, ni nafasi ya kwanza ya kupoteza. Kabla ya msukosuko wa 2008, benki kubwa zilikusanya vipande vya kati vya dhamana nyingi za Marekani, zikavikata upya, na sehemu kubwa ya vipande vipya ikapewa daraja la juu kabisa la usalama, AAA.

Ndiyo maana kwenye dhamana hizi ninaandika "tabaka", ili msomaji aulize mapema aliye chini ni nani.